Mahindi Kulia, Ngano Kushoto

Asubuhi ya karamu ya kumuaga, Kocha Rufus Tillotson alifunga tai, akaifungua, akaifunga tena, nayo ikakataa kukaa. Kufunga tai ilikuwa kazi ya mkewe, na mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwishowe aliiacha ilivyo. Watu wa Ashgrove walikuwa wamemzoea hivyo hivyo, tai upande, kofia upande, na kijiti cha nyasi kavu mdomoni.

"Leo nasema," alikiambia kioo. "Potelea mbali, leo nasema."

Karamu yenyewe ilikuwa ya mchana, kabla ya mechi, siku ile ya vuli ambayo wahitimu wa zamani hurudi chuoni kula kuku, kudanganyana kuhusu umri na kusikiliza hadithi ya mahindi. Kila mwaka waliitaka, na kila mwaka Tillotson aliitoa. Wengine waliijua kuliko yeye. Lakini kuna kipande kimoja ambacho hakuwahi kukisimulia, na kipande hicho kilikuwa kimemkaa kifuani tangu ujana wake. Mwaka huu alikuwa anastaafu. Akinyamaza leo, hatapata tena siku nyingine ya kusimama mbele za watu wote pamoja.

Alifika Ashgrove akiwa kijana mwembamba, mwalimu wa kemia. Siku hizo vyuo vidogo vya jimbo la Iowa, kule Marekani, havikuajiri mtu awe kocha tu. Rais wa chuo alimwuliza kama amewahi kucheza mpira, naye akajibu kwamba ndiyo, kidogo, na hicho "kidogo" kikamganda maisha yake yote. Vuli akafundisha futiboli, baridi ikiingia akafundisha mpira wa kikapu, na katikati akawa na chupa zake za asidi. Futiboli ya kule mpira haupigwi danadana. Unakumbatiwa kifuani kama kichanga, mtu anakimbia nao mpaka aangushwe, na wakati ule wengi waliangushwa wakiwa vichwa wazi, kwa sababu kofia ya ngozi ilihesabiwa kuwa ni ya waoga. Kikapu nacho walikichezea ukumbini chini ya kanisa, palipokuwa na jiko la makaa pembeni na nguzo mbili katikati ya uwanja. Mgeni akijigonga kwenye nguzo, wenyeji walishangilia kana kwamba wamefunga.

Jambo moja lilimpa Tillotson jina. Sheria ya zamani hizo ilisema mchezo ukishaanza, kocha asiwaambie wachezaji neno lolote. Mpira ni wa vijana, wazee wa vyuo walisema, na uwanjani mwenye timu ni kapteni. Makocha wengi waliizunguka sheria hiyo bila haya. Mmoja alikohoa kwa mafumbo, mwingine alipepea leso, na yuko aliyevua kofia na kuivaa mpaka watu wakadhani ana chawa. Tillotson alikaa kwenye benchi na kijiti chake, kimya, hata timu yake ikila kichapo. Wakamwita Bubu wa Ashgrove. Alijivunia jina lile kuliko taji lolote, na pengine hapo ndipo alipoanza kuharibikiwa.

Kitu alichoruhusiwa kilikuwa kimoja tu, kuingiza mchezaji wa akiba. Hilo halikuhitaji sauti. Unamgusa kijana bega, anavua blanketi lake, anaingia. Ila aliyetolewa haruhusiwi kurudi siku hiyo, na kwa sababu hiyo makocha walifikiri sana kabla ya kumgusa mtu bega.

Kapteni wake wa mwaka ule wa mahindi alikuwa Arvid Lindquist, mtoto wa wakulima wa Kiswidi kutoka nje kidogo ya mji, mabega mapana, mdomo mwepesi. Ndiye aliyewahi kumpandisha nguruwe kwenye mimbari ya kanisa la chuo usiku, na asubuhi akakaa kiti cha mbele kusikiliza mahubiri. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuita, yaani kabla ya kila shambulio anapaza sauti kwa maneno ya siri kuwaambia wenzake mpira utaelekea wapi, kisha anaupokea na kumkabidhi mkimbiaji. Msimu uliotangulia maneno yao yalikuwa ya shambani. Mahindi ilikuwa kulia, ngano kushoto, shayiri piga mbali. Yalikuwa rahisi, hata mtu aliyechoka hakosei. Bahati mbaya chuo cha Holcombe, mahasimu wao, kilimficha kijana kwenye dari la ghala la nyasi karibu na uwanja wa mazoezi. Aliyasikia yote, na Holcombe wakawafunga mpaka aibu. Msimu mpya Tillotson akatupa mahindi na ngano, akaleta tarakimu.

Mambo yalikuwa mazito mwaka ule. Nchi nzima vijana walikuwa wanavunjika shingo uwanjani, wengine wanazikwa, na bodi ya chuo ilikuwa inatafuta sababu ya kuufuta mchezo. Mwenyekiti alimwambia Tillotson waziwazi kwamba wakifungwa tena na Holcombe, uwanja utalimwa viazi. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mechi ya Holcombe.

Kabla ya mapumziko Arvid aliangukiwa na watu wawili wa Holcombe, na goti la mmoja likampata nyuma ya sikio. Alilala kidogo. Kisha akainuka, akajipangusa, akainua mkono kuwapungia watu, na watu wakapiga kelele kwa furaha. Ashgrove walikuwa nyuma. Walipoingia kwenye kibanda kupumzika, ndoo ya maji ikapita na malimau yaliyokatwa, na hapo sheria ilimruhusu kocha kusema.

"Arvid, kichwa kikoje?"

"Kiko juu ya shingo, Kocha."

Vijana wakacheka.

"Acha utani. Umeanguka vibaya."

"Mimi mzima. Ila Wendell vipi? Mguu wake umepona? Mbona simwoni?"

Wendell, mchezaji mwenzao aliyeumia mguu msimu uliotangulia, alikuwa amehitimu mwaka uliopita na wakati huo alikuwa Nebraska, karani wa reli. Clem Ostrander, mkimbiaji wao, akajipiga paja.

"Wendell anakuja na treni ya jioni, Kapteni! Kasema umwekee nafasi!"

Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko, hata waliokuwa wanatoka damu puani. Arvid bwana, hata tukiwa tunachapwa hakomi! Tillotson naye alicheka. Lakini akiwa bado anacheka, aliona kwamba Arvid hacheki. Alikuwa anawatazama wenzake usoni mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Pembeni, Sheldon Pruitt, kapteni msaidizi na mchezaji wa akiba, alikuwa ameshavua blanketi. Huenda yeye aliona. Alimtazama kocha wake, akasubiri.

"Jifunike, Sheldon," Tillotson alimwambia. "Utapata baridi."

Kipindi cha pili kilipoanza, Bubu akarudi kwenye benchi na kijiti chake. Wachezaji wakajipanga, na Arvid akavuta pumzi.

"Mahindi!" akaita.

Wenzake wakageuza shingo kumtazama. Mahindi gani tena? Lakini Holcombe hawakugeuza shingo. Wao mahindi waliyajua vizuri sana, wameyasomea juu ya dari mwaka mzima, na wote kwa pamoja wakamiminika upande wa kulia. Arvid akapokea mpira, akageuka kulia, akaunyoosha kwa mkimbiaji ambaye hakuwepo. Clem alipoona kushoto kweupe, akaunyakua mkononi mwa kapteni wake na kutimka, na hapakuwa na mtu wa kumshika isipokuwa mbwa wa jirani. Akavuka mstari.

Uwanja uliwaka. Tillotson aliuma kijiti mpaka kikakatika. Hila gani hii? Kapteni amewaitia maneno waliyoyaiba, akawapeleka walikotaka kwenda, kisha akamtuma mtu upande wa pili! Kumbe ndivyo walivyopanga na Clem, na hawakuniambia! Akajawa na fahari mpaka macho yakamlowa. Baadaye Arvid akaita "Ngano!" na Holcombe wakakimbilia kushoto, na Clem akapita kulia. Kila mara wale jamaa waliamini, maana sauti ya Arvid haikuwa na hata chembe ya uongo.

Ashgrove walishinda. Uwanja haukulimwa viazi. Arvid alibebwa mabegani mpaka mjini, na jioni ile alilala mapema akilalamika mwanga unamuumiza macho. Clem alipoulizwa na waandishi wa magazeti alisema yeye alimwelewa kapteni kwa kumtazama tu, akili yote ilikuwa ya Arvid.

Baridi ikaingia, wakateremka ukumbini chini ya kanisa. Arvid alikuwa mtupaji hodari wa kikapu, tena mwenye kuzijua zile nguzo kama fanicha ya kwao. Katika mechi na vijana wa mji wa jirani alipata mpira katikati, akawazunguka wawili, akaipita nguzo, akatupa, ukaingia bila kugusa ukingo. Akainua mkono kuwapungia watu. Ukumbi ukavunjika mbavu, kwa sababu alikuwa amefunga kikapu chake mwenyewe. Jamaa wa mahindi huyo! Sasa anamdanganya nani?

Tillotson hakucheka. Mchezo ulipokwisha alimfuata Arvid karibu na jiko, wakiwa wawili tu.

"Arvid, Wendell yuko wapi?"

"Si anavaa viatu huko ndani?" Arvid alijibu. "Nimwite?"

"Hapana," Tillotson alisema. "Mwache avae."

Tangu hapo alijua. Hakukuwa na hila yoyote siku ile ya Holcombe. Kulikuwa na kijana aliyegongwa kichwa akarudi nyuma mwaka mzima, akaita maneno aliyoyajua, na kocha wake akamwacha uwanjani aendelee kugongwa mpaka filimbi ya mwisho. Ububu haukuwa kisingizio, maana kibandani aliruhusiwa kusema, na alichosema ni kumwambia Sheldon ajifunike. Majira ya kuchipua baba yake Arvid alikuja na gari la farasi, akapakia sanduku na mwanawe, akaondoka. Masomo yalikuwa hayakai tena kichwani. Daktari wa mji alisema apumzike, na mapumziko hayo hayakuwahi kwisha.

Na hadithi ikaanza kumlipa Tillotson wema asioustahili. Kiangazi makocha walitoka majimbo mengine kuja kujifunza "mtego wa mahindi", naye akawachorea ubaoni kwa chaki, mishale kulia, mishale kushoto. Katika michoro ile Arvid alikuwa duara dogo. Kila alipoisimulia aliruka kile kipande cha kibandani. Mwanzoni alikiruka kwa woga, baadaye kwa mazoea, na mwisho ulimi ukajua wenyewe mahali pa kuruka. Vyuo vikubwa vilimwita akakataa, watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Walikosea. Alibaki kwa sababu kuondoka kungefanana mno na kukimbia.

Mara moja tu alijaribu kwenda shambani kwa akina Lindquist. Alifika mpaka langoni. Akamwona Arvid anavuka ua na ndoo mbili za maziwa, anasimama katikati, anazitazama zile ndoo kama mtu aliyekabidhiwa sasa hivi na hajui na nani. Tillotson akageuza farasi. Hilo nalo lilimuuma, na alistahili liume.

Sasa mvi zilikuwa zimejaa, na jengo jipya la michezo, lisilokuwa hata na nguzo moja katikati, lilikuwa limepewa jina lake. Aliingia kupitia mlango wa nyuma, tai upande, na kwenye korido ya kutundikia makoti akamkuta Hulda Lindquist, dada yake Arvid. Ndiye aliyebaki na kaka yake baada ya wazazi kufa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono myekundu ya kukamua, na mkononi alishika pai ya boga iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Bi Hulda. Arvid yuko?"

"Ameshakaa mbele, Bwana Tillotson. Tangu saa mbili asubuhi yuko tayari, ameninyima hata nafasi ya kulisha kuku."

"Nina neno nataka kukwambia kabla sijaingia."

"Sema basi, pai inapoa."

Akasema. Alilisema lote, goti la yule mtu wa Holcombe, malimau, Wendell, kicheko, blanketi la Sheldon, kikapu. Alipofika mwisho, Hulda aliiweka pai juu ya benchi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Sisi tulijua kabla ya Krismasi. Mama alimkuta zizini anamtafuta ng'ombe tuliyemchinja mwaka uliotangulia. Anamwita kwa jina. Baba akachukua mjeledi akasema anakuja huku kukuchapa mbele ya wanafunzi wako. Mama akamwambia, haya, kamchape profesa, ufungwe, halafu nani atakamua?"

Tillotson alitafuta pa kutazama akakosa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mbona hukutuambia?"

Ndani ukumbini vijiko vilikuwa vinagongana na watu wanacheka.

"Leo nataka niseme mbele za watu wote," alisema. "Niwaambie haikuwa hila. Kwamba nilimwona anaumwa nikamwacha. Ni haki yake, Bi Hulda. Jengo hili lina jina langu, na mimi..."

"Ngoja, ngoja. Haki ya nani?"

"Ya Arvid."

"Hee! Ya Arvid." Akamsogelea. "Sikiliza, Bwana Tillotson, nikwambie Arvid ana nini. Kila asubuhi hajui kama jana alikula. Mbwa ana jina, limempotea, anamwita Wewe. Kuna mwanamke alitaka kuolewa naye, akachoka kujitambulisha. Lakini mahindi anayo. Majani yakianza kugeuka rangi tu, ananiuliza, Hulda, karamu lini? Suti anaipiga pasi mwenyewe. Anakuja hapa, wakubwa wa benki wanasimama kumpa mkono, kwa sababu siku moja kichwa chake kilikuwa kikali kuliko cha mtu yeyote Iowa. Hicho ndicho alichonacho. Sasa wewe unataka usimame pale, mbele yake, umwambie hata siku hiyo kichwa hakikuwepo?"

"Nimeibeba muda mrefu," Tillotson alisema, na aliposikia maneno hayo yanatoka aliona aibu.

"Najua. Na unataka kuitua. Lakini utaitua wapi? Juu yake yeye?"

"Basi nife nayo?"

"Kufa nayo," Hulda alisema. Hakusema kwa ukali, alisema kama anavyoweza kumwambia mtu afunge lango. "Mimi sikuchukii. Zamani nilikuchukia, ikanichosha, nina ng'ombe wengi. Na hiyo tai ni aibu gani? Njoo hapa."

Aliishika tai, akaifungua, akaifunga upya kwa vidole vyake vigumu, akaivuta mpaka mzee akakohoa. Kisha akachukua pai yake na kuingia ndani.

Tillotson alisimama kati ya makoti ya watu. Alikuwa amekuja na ujasiri wa kutosha kulaumiwa, hata kuzomewa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Hulda alikuwa amesema kweli, na bado moyo ulimsukuma. Labda akisema kwa upole? Labda Arvid hataelewa? Alipogundua kwamba anatumaini Arvid asielewe, alijionea kinyaa. Akaingia.

Kuku wa kukaanga waliliwa, viazi vya kuponda vikaliwa, na sharubati ya tofaa ikamiminwa. Clem Ostrander, sasa muuza zana za kilimo mwenye tumbo la heshima, ndiye aliyekuwa anaongoza shughuli.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mtu huyu nilimchezea miaka yangu yote ya chuo na uwanjani sikumsikia akisema neno. Leo analipwa pensheni kwa kunyamaza! Mimi ningeipata pensheni hiyo, mke wangu angeandamana kwa furaha."

Watu wakagonga meza.

"Kocha, simama. Tunataka kitu kimoja tu. Mnakijua?"

"Mahindi!" ukumbi ukajibu.

Tillotson akasimama. Arvid alikuwa meza ya mbele, katika suti iliyonyooshwa mpaka inang'aa, nywele zimelowanishwa na kuchanwa kama za mtoto anayepelekwa kanisani. Alikuwa ameinama mbele, midomo imeshaanza kutembea pamoja na hadithi kabla haijaanza. Hulda alikuwa kando yake, macho kwenye kikombe cha kahawa.

"Siku ile ya Holcombe," Tillotson alianza, "mimi nilifanya..." Akasita. Neno lilikuwa pale pale, limefika kwenye meno. "Nilifanya nilichofanya siku zote. Nilikaa kimya."

Wakacheka, wakapiga makofi. Bubu wetu! Naye akaendelea, maana njia nyingine haikuwepo. Akawapa ghala la nyasi na kijana wa Holcombe aliyepiga chafya darini. Akawapa mwenyekiti wa bodi na viazi vyake. Akawapa goti, Arvid kulala, Arvid kuinuka na kupunga mkono, na Arvid pale mezani akainua mkono akapunga. Kisha akafika kibandani, mahali ambapo ulimi wake ulijua kuruka.

"Basi tukapumzika kidogo, tukarudi uwanjani," alisema.

"Kocha," Arvid akaita.

Hakuwahi kuikatiza hadithi, hata mara moja. Watu wakageuka, wakitabasamu.

"Na Wendell je? Mguu wake umepona?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Clem Ostrander ndiye aliyecheka zaidi, akajipiga paja lile lile. Hata jina la Wendell wengi wao hawakulijua, lakini Arvid alikuwa mcheshi, hilo lilijulikana. Tillotson alimtazama kapteni wake na akaona hacheki. Alikuwa anawatazama watu usoni mmoja mmoja, kwa upole, akisubiri kujibiwa.

Mzee akazunguka meza, akaenda kuinama mbele yake. Magoti yalilia. Akamwekea mkono begani.

"Umepona, Arvid," alimwambia taratibu, na wale wa nyuma hawakusikia. "Wendell ni mzima. Sasa wewe pumzika. Umeumia. Sheldon ataingia."

Arvid aliutazama mkono ule begani mwake. Uso ukabadilika. Aliushika kwa mikono yake miwili, kwa nguvu za mtu wa shamba.

"Usinitoe, Kocha," alisema. "Tafadhali. Nikitoka sirudi."

Hulda alikuwa ameinua macho kutoka kwenye kahawa. Tillotson alibaki ameinama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Maneno haya Arvid hakuyasema siku ile kibandani. Angeyasema, mzee angekuwa na kitu cha kujitetea nacho miaka yote hii, na hakuwa nacho. Uamuzi ulikuwa wake peke yake, siku ile na leo.

"Sikutoi, Kapteni," alisema.

Akajiinua kwa kushika ukingo wa meza, akageukia ukumbi, akavuta pumzi. Sauti yake ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea.

"Basi. Tukajipanga. Holcombe wametukodolea macho. Kapteni wangu akasimama nyuma ya mstari, akawatazama wale jamaa, akaita..."

Akanyamaza, akamwachia.

"Mahindi!" Arvid alipaza sauti, amesimama wima, uso umemeremeta, kijana tena. Watu wote wakasimama naye, wakubwa wa benki, wake zao, wahitimu wa zamani, wakishangilia kichwa kikali kuliko vyote Iowa. Tillotson naye alipiga makofi, kwa kuwa hakikuwepo kingine alichoruhusiwa kufanya.